Jenerali aliyeshindwa na fundisho la manufaa ya wote

Katika uchaguzi wa Uganda wa Januari 2021, Jenerali mstaafu Mugisha Muntu, aliyewahi kuwa mkuu wa majeshi ya nchi hiyo, aliambulia chini ya asilimia 1 ya kura za urais. Hata hivyo, tusimpime kwa hesabu hiyo peke yake. Novemba 2020, mshindani wake Bobi Wine alipokamatwa, Muntu alisitisha kampeni zake, ilhali angeweza kuitumia nafasi hiyo kujitafutia kura. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes namba 75, unafundisha kwamba maslahi ya chama yasitangulizwe kamwe mbele ya manufaa ya wote. Basi, waamini wapendwa, kabla ya kupiga kura tujiulize: mgombea huyu humtendeaje mpinzani wake anapoonewa?