Daraja kati ya Riwaya Pendwa na Riwaya Dhati

Wahakiki wetu wamezoea kuibeza riwaya pendwa, kisha hulalamika kwamba wasomaji wa riwaya dhati ni haba. Hali msomaji aliyemfuata Willy Gamba katika *Kufa na Kupona* (1974) ya Elvis Musiba amekwishajifunza kuhimili taharuki na kumshuku kila mhusika. Huo ni mtaji. Kumkabidhi mara moja *Nagona* (1990) ya Kezilahabi, isiyofuata msuko wa kawaida, ni kumfukuza. Na aanzie *Kiu* (1972) ya Mohamed Suleiman Mohamed: humo mna hila na tamaa ya mali, lakini swali si tena “nini kitafuata?” bali “kwa nini binadamu hudanganyana?” Mwalimu anayetanguliza dharau huufunga mlango anaodai kuufungua.