Hatukuwatuma Kinshasa Kuhutubia

Bunge la Taifa likifunga kikao, simu za mjini Baraka, hapa Fizi, hujaa video za wabunge. Mheshimiwa amesimama bungeni, Palais du Peuple, kidole juu, sauti imepanda, anamuuliza waziri habari za mateso ya mashariki. Watu wanasambaziana, wanamsifu, wanasema ametusemea. Mimi nasema hajatusemea bado. Mbunge anayeuliza, akapokea jibu la karatasi, kisha akanyamaza mpaka uchaguzi mwingine, amelitumia jina la Fizi kujipamba.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 iliwapa wabunge zaidi ya kipaza sauti. Kifungu cha 138 kinawaruhusu kuuliza kwa mdomo au kwa maandishi, kumwita waziri ajieleze, kumhoji mbele ya kamati, na kuunda tume ya uchunguzi. Wengi hupenda swali la mdomo kwa sababu linaonekana. Lakini Katiba hiyohiyo inasema swali halifuatwi na kura, na mawaziri wanalijua hilo kuliko sisi. Waziri anakuja, anasikiliza, anaomba saa 48 za kuandaa majibu, anarudi kusoma kwamba mradi huu unafanyiwa upembuzi na ule unangoja fedha. Anashukuru, anaondoka. Barabara inabaki vilevile.

Meno yako kwenye kifungu cha 146. Moja ya kumi ya wabunge wakitia sahihi, hoja ya kutokuwa na imani na waziri inapokelewa. Robo yao wakitia sahihi, serikali nzima inapandishwa kizimbani. Bunge lina viti 500. Kwa hiyo kwa waziri mmoja ni sahihi 50 tu! Viti vya Kivu zote mbili vikijumlishwa vinapita hapo, bila kuwaomba ndugu zetu wa Ituri, Maniema wala Tanganyika. Na msituambie kisu hicho ni butu. Tarehe 27 Januari 2021 wabunge 367 waliiangusha serikali ya Sylvestre Ilunga Ilunkamba. Kambi mbili zilikuwa zinagombania madaraka, na sahihi zikapatikana haraka. Kwa ajili ya vyeo zilipatikana. Kwa ajili ya mgonjwa anayefia njiani kati ya Fizi na Uvira, kwa nini zisipatikane?

Pita barabara ya taifa namba 5 wakati wa masika, kati ya Makobola na Mboko. Lori limezama hadi ekseli, magunia ya mihogo yameshushwa kwenye tope, na ndagala za akina mama wachuuzi zimeanza kunuka. Kijana wa pikipiki anamshusha mama mjamzito avuke mto kwa miguu, maji magotini, huku akishikwa mkono na mtu asiyemjua. Nyuma yake vijana wanne wameibeba pikipiki kwa mti mabegani, na kila mvuko una bei yake. Hii ndiyo barabara inayotuunganisha na Uvira upande mmoja, na Kalemie hadi Lubumbashi upande mwingine.

Sasa ulizeni maswali yenye majibu ya tarakimu. Mfuko wa matengenezo ya barabara, FONER, upo tangu 2008 na unakusanya pesa kwenye mafuta na kwenye vizuizi vya ushuru. Kiasi gani kimefika barabara namba 5? Programu ya maendeleo ya teritwari 145, Fizi ikiwemo, imemaliza nini hapa na imetelekeza nini? Kifungu cha 175 kinasema majimbo yapewe asilimia 40 ya mapato ya kitaifa, yakatwe kwenye chanzo. Sehemu ya Kivu Kusini imekaliwa na nani? Mei 2025 mafuriko ya usiku yalikifagia kijiji cha Kasaba, sekta ya Ngandja, yakaua makumi ya watu, wengi wao watoto na wazee. Nini kimefanyika ili mvua zijazo zisizike kijiji kingine? Waziri akishindwa kutaja tarakimu, sahihi zianze kukusanywa kesho yake.

Wapo watakaosema huu ni wakati wa vita, tusiidhoofishe serikali. Naijua vita hiyo. Bukavu ilianguka Februari 2025, Uvira Desemba mwaka huohuo, na familia zikamiminika huku kwetu na godoro kichwani. Ndiyo hasa sababu ya kuuliza. Askari anayelinda kijiji amelipwa? Chakula chake kimeliwa na nani? Mkimbizi anayelala darasani amewekewa nini kwenye bajeti? Katiba yenyewe, hali ya dharura inapotangazwa, inaamuru mabunge yote mawili yakutane. Walioiandika walijua kwamba nchi ikiwa hatarini ndipo wenye madaraka huhitaji kuchungwa zaidi.

Na tuache kujidanganya kwamba tukipata mtoto wetu juu, mambo yamekwisha. Anzuluni Bembe, mtu wa Fizi, aliongoza Bunge katika miaka ya mwisho ya Mobutu. Kiti kilikuwa chetu, barabara haikuja. Kinachosaidia ni kazi inayoonekana na kupimwa. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mbunge wa Kigoma anauliza kwa Kiswahili, swali lake lina namba, waziri anajibu, na mbunge anaruhusiwa swali la nyongeza papo hapo. Mvuvi wa Kigoma akifungua redio anaelewa kila neno. Wa kwetu wakirudi likizo, watueleze walichouliza na walichojibiwa kwa Kiswahili na Kibembe, na karatasi mkononi.

Chama kinachotawala leo kinapaswa kulielewa hili kuliko chama chochote. Mwaka 1980 wabunge 13, Étienne Tshisekedi akiwa mmoja wao, walimwandikia Mobutu barua ya wazi wakati neno moja lilitosha kumpeleka mtu gerezani. Walifungwa, wakahamishwa. UDPS ilizaliwa katika ujasiri ule mwaka 1982. Anayekula matunda yake leo hana haki ya kuogopa kutia sahihi.

Kwa hiyo, watu wa Baraka, Fizi, Mboko, Misisi, Minembwe: vikao vya kawaida vinaanza 15 Machi na 15 Septemba, vinafungwa 15 Juni na 15 Desemba. Mbunge akirudi baada ya hapo, kabla hajapewa kiti, aombwe vitu vitatu: nakala ya swali lake yenye tarehe na muhuri wa kupokelewa, nakala ya jibu la waziri, na hoja aliyotia sahihi pale jibu lilipokuwa la uongo. Asiye navyo asipewe kipaza sauti, na 2028 asipewe kura.