Mdundo unaopita ukutani

Saa saba za usiku, maneno ya wimbo hayasikiki tena. Sauti ya mwimbaji, kinanda, vigelegele vya waalikwa, vyote vimeishia huko huko ukumbini. Kinachofika chumbani ni du, du, du. Maji ya bilauri iliyo kando ya kitanda yanatetemeka, vioo vya dirisha vinagongana, na aliyelala anauhisi mdundo kifuani kabla hajausikia masikioni. Asubuhi akienda kulalamika, mwenye ukumbi anashangaa kwa dhati: mbona sauti ilipunguzwa, na milango ikafungwa?

Wote wawili wanasema kweli. Kilichowagombanisha ni somo la mawimbi, lile ambalo wengi walilifanyia mtihani sekondari na kulisahau wakitoka tu mlangoni.

Sauti ni hewa inayosukumwa na kuachiwa. Utando wa spika ukija mbele hewa hubanwa, ukirudi hulegea, na msukumo huo husafiri kwa kasi ya takriban mita 340 kwa sekunde. Idadi ya misukumo katika sekunde moja ndiyo masafa, nayo hupimwa kwa hezi. Ukigawanya kasi kwa masafa unapata urefu wa wimbi. Mlio wa filimbi wa hezi 3,400 una wimbi la sentimita 10, mtu analipima kwa kiganja. Mdundo wa sabufa wa hezi 50 una wimbi la karibu mita 7, refu kuliko Hiace ya abiria.

Urefu huo ndio unaoamua nani alale na nani akeshe. Aliyewahi kukaa gatini ameliona jambo lenyewe: vijiwimbi vikipiga nguzo nene hukatika, na nyuma yake maji hutulia; wimbi kubwa likija, hupita kana kwamba nguzo haipo. Mwanga una mawimbi mafupi mno, kila moja chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita, kwa hiyo hata kibanda cha mahindi hukata kivuli chenye ukingo. Jirani aliye nyuma ya kona husikika bila kuonekana. Na besi, kwa urefu wake, huizunguka kona ya nyumba kama wimbi kubwa linavyoizunguka nguzo.

Ukuta nao hausaidii sana. Wimbi halihitaji tundu. Huusukuma ukuta wenyewe, nao ukasukuma hewa ya upande wa pili. Msukumo wa harakaharaka ukuta hukataa kuufuata, ule wa polepole huufuata. Dawa ni uzito: ukuta ukiongezwa uzito mara mbili, sauti inayovuka hupungua kwa takriban desibeli 6. Ndiyo maana trei za mayai zinazobandikwa kwenye kuta za studio za mtaani ni pambo tu mbele ya besi. Huenda zikapunguza mwangwi wa sauti kali mle ndani, lakini karatasi haiizuii sabufa. Tena nyumba za pwani zimejengwa ili upepo uingie. Kumwambia mtu wa huko afunge madirisha usiku wa Februari ni kumchagulia jasho badala ya kelele.

Usiku wenyewe huongeza balaa. Hewa ya karibu na ardhi hupoa huku ya juu ikibaki na joto, na sauti huenda kasi zaidi katika hewa yenye joto. Wimbi lililokuwa likipaa hupinda na kurudi chini, likatua mtaa wa tatu.

Sheria zipo. Kenya ina kanuni za kelele na mitetemo tangu 2009, Tanzania ikatunga zake 2015. Ila mita ya sauti kwa kawaida huwekwa kwenye kipimo A, kinachoiga sikio la binadamu linaposikiliza sauti ndogo. Kwenye hezi 50 kipimo hicho hupunguza desibeli 30, yaani nishati ya mdundo huhesabiwa kana kwamba ni sehemu moja tu ya elfu. Kipimo C, ambacho mita nyingi zinacho, hupunguza desibeli moja na kidogo. Kwa A peke yake, kitanda kinaweza kutikisika na fomu ikaandikwa hakuna kosa. Huo si uonevu wa afisa, ni kitufe.

Wala hakuna haja ya kufunga kumbi. Harusi ni harusi, na singeli bila besi ni chai bila majani. Fundi mitambo anayeijua kazi yake huweza kupanga sabufa mbili, moja nyuma ya nyingine, akaichelewesha moja kidogo na kuigeuza mwelekeo wa msukumo wake, hivi kwamba upande wa nyuma bonde la wimbi moja hukutana na kilele cha jingine na vyote viwili vikafifia. Wachezaji walio mbele wanapata mdundo wao. Kibali cha ukumbi ulio katikati ya makazi kingepaswa kudai upangaji wa namna hiyo, na afisa anayekuja kukagua aanzie chumbani kwa mlalamikaji, madirisha yakiwa wazi, mita ikiwa kwenye C.