Gari la viti saba, je, lafaa Mtopanga?

Hapa Mtopanga familia za watu saba si haba: baba, mama, watoto wanne, na nyanya aliyekuja kwa matibabu akakaa. Zamani jawabu lilikuwa Noah. Siku hizi wenye uwezo wanayakodolea macho magari makubwa yaliyoinuka kama Land Rover lakini yana umbo la ndani la saluni. Mojawapo ni Mazda CX-8.

Gari hili lilianza kuuzwa Japani Desemba 2017, na kule likaachwa kuundwa mwishoni mwa 2023. Sheria yetu huzuia magari yaliyozidi miaka 8, kwa hivyo yale ya 2017 hayaingii tena kupitia bandari yetu.

Lina urefu wa mita 4.9 na upana wa mita 1.84. Kabla ya kupima mfuko, msomaji, pima kichochoro chako. Kugeuka mara moja lahitaji karibu mita 12, na njia zetu za ndani zina tuk-tuk, mikokoteni ya maji na watoto wa watu.

Barabarani ni tamu. Bodi na chasisi ni kitu kimoja, kwa hivyo kwenye kona halilali kama magari ya shamba. Injini ya dizeli ya lita 2.2 ina nguvu za farasi 190, nayo huvuta tangu chini. Mlima wa Mazeras wautazama tu.

Ila dizeli hiyo ina jambo ambalo wauzaji wengi hawalitaji. Kwenye bomba la moshi mna chujio la kunasa masizi. Likijaa, gari huyachoma masizi lenyewe kwa joto kali, na ili kazi hiyo imalizike sharti gari liende mwendo wa sawasawa kwa muda. Mama anayepeleka watoto shule Bamburi, akarudi, akaenda soko la Kongowea, akazima, halipi gari nafasi hiyo. Masizi hujazana, taa huwaka, nguvu hupungua, na matengenezo yake ni ghali. Wako mafundi wanaolitoboa chujio lenyewe, ati wametibu! Moshi huo watauvuta watoto wale wale.

Anayekwenda Kilifi au Voi kila juma na achukue dizeli. Anayezunguka Bombolulu na Bamburi na atafute ya petroli ya lita 2.5, iliyoanza kutolewa 2018. Itakunywa zaidi, lakini chujio hilo haina.

Viti vya nyuma kabisa kampuni ilivipimia mtu wa sentimita 170. Atakaa, magoti yakiwa juu. Nyanya asipelekwe huko. Na viti vyote vikijaa, buti hubeba mabegi ya shule tu. Gunia la nazi lipande kwenye keria.

Ukienda yadi kulitazama, nenda na watoto wote wanne. Wapakie, kisha wewe mwenyewe ukae nyuma kabisa, mlango ufungwe.