Mahenge 1905: Tusiwafundishe watoto kuyacheka maji

Hapa kampasi tunajiandaa na mazoezi ya kufundisha, kila mtu yuko bize na andalio lake la somo. Mimi wa Historia nimepata Vita vya Maji Maji, na kuna jambo linanikera.

Hivi ukimuuliza mwanafunzi kwa nini babu zetu walishindwa, jibu la kwanza huwa nini? "Imani za kishirikina." Eti waliambiwa risasi zitageuka maji, wakaamini, wakafa. Darasa linacheka, mwalimu anaweka vema, mada imekwisha. Kwangu mimi hilo ni jibu la uvivu.

Chukua Mahenge. Tarehe 30 Agosti 1905, maelfu ya Wapogoro na Wambunga walilivamia boma la Wajerumani. Ndani alikuwepo ofisa von Hassel na askari kama 60, wapiganaji mia kadhaa wa kienyeji waliokuwa upande wake, na bombom mbili, zile bunduki za rashasha. Yaani walinzi wa boma karibu wote walikuwa Waafrika. Hilo nalo huwa tunaliruka haraka haraka.

Washambuliaji hawakwenda kwa pamoja. Kundi la kwanza lilianza kupigwa likiwa bado mbali, likavunjika. Ndo baadaye likaja la pili kutoka mashariki, na wengine walibakiza hatua chache tu kuwafikia askari kabla ya kuanguka. Boma likabaki limezingirwa mpaka Septemba, Kapteni Nigmann alipofika na kikosi kutoka Iringa. Halikuanguka.

Sasa jamani, hapo tatizo ni maji? Hata bila dawa yoyote, ukikimbilia bombom kwenye uwanja wazi, tena kwa mafungu, utakufa tu. Tarehe 1 Julai 1916 kule Somme, Ufaransa, wanajeshi wa Uingereza zaidi ya 19,000 walikufa siku moja wakizikabili rashasha na mizinga. Mbona hakuna anayeandika kwamba waliponzwa na ushirikina?

Tena maji yalifanya kazi ambayo hakuna chifu aliyeiweza: yaliunganisha makabila zaidi ya 20. Kinjikitile alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905, karibu wiki nne kabla ya Mahenge, na bado watu walisimama.

Na kilichoua wengi si risasi, ni njaa. Wajerumani walichoma mashamba na maghala ya chakula. Makadirio mengine ya vifo yanafika 300,000. Mtoto akiondoka darasani anacheka maji bila kujua habari ya njaa, tumemfundisha nini?

Mwaka 1968 wanafunzi wa pale Mlimani walikwenda vijijini kukusanya kumbukumbu za wazee walioiona vita ile. Walikuwa vijana kama sisi. Wazee wale hatunao tena, lakini darasa tunalo.

Kwa hiyo somo langu nitalianza na swali moja: ungekuwa nje ya boma la Mahenge, ungefanyaje? Watoto wabishane kwanza, maji tutayafikia baadaye.

Naomba kutoa hoja. Anayepinga aje, uwanja ni wenu.