Nyika Si Ardhi Tupu: Kipozamataza wa Dupont na Gharama ya Jina Baya

Wahenga walinena: usione vyaelea, vimeundwa. Aghalabu methali hii hutumiwa kuwaasa wanaostaajabia ufanisi wa wenzao bila kuzingatia jasho lililomwagika. Hata hivyo, ina funzo pia kwa yeyote anayeitazama nyika kavu, yenye vichaka visivyofika magotini, kisha akahitimisha kwamba hapo hapana kitu. Nyika nayo imeundwa. Shahidi wa kauli hii ni ndege mdogo wa nchi zinazopakana na Bahari ya Mediterania, yaani kipozamataza wa Dupont.

Ndege huyu, ambaye wanasayansi humwita Chersophilus duponti, ana urefu wa sentimita 17 hivi, manyoya ya hudhurungi yenye michirizi, na mdomo mrefu uliopinda kidogo. Ni vigumu kumwona. Akishtuliwa hupendelea kukimbia kwa miguu baina ya vichaka kuliko kuruka, na wimbo wake husikika zaidi kabla ya jua kuchomoza. Barani Ulaya anapatikana Uhispania pekee. Barani Afrika yumo Moroko, Aljeria, Tunisia, Libya na kaskazini-magharibi mwa Misri. Isitoshe, si ndege wa kuhamahama kwa misimu. Makao yake yakiharibika, hana kwingine kulikozoeleka kwake.

Makao hayo yana masharti. Sharti ardhi iwe tambarare au yenye mwinamo mdogo, vichaka viwe vifupi, kama vile vya jamii ya zaatari, na baina yavyo pawe na nafasi za udongo mtupu. Nchini Uhispania hali hiyo imo katika nyanda za juu za Soria, Guadalajara na Teruel, na katika bonde la mto Ebro. Kwa karne nyingi makundi ya kondoo yalipita humo yakila machipukizi na kuvizuia vichaka visirefuke. Wachungaji walipohamia mijini, hasa katika nusu ya pili ya karne ya 20, vichaka vilirefuka na miti ikaanza kuingia. Ndege akaondoka pasipo kurushiwa jiwe hata moja.

Ni dhahiri kwamba chanzo kimojawapo cha maafa haya ni lugha. Neno la Kigiriki lililozaa jina Chersophilus huashiria ardhi kavu isiyolimwa, hivyo jina zima lina maana ya "mpenda ardhi kavu". Aliyelibuni alikiona kile ambacho ndege anakipenda. Watunga sera waliona kinyume chake: isiyolimwa ni isiyo na kazi, na isiyo na miti ni tupu. Sheria ya Ulaya ya kuhifadhi ndege, iliyopitishwa mwaka 1979, inamtaja kipozamataza huyu miongoni mwa ndege wanaostahili kulindiwa makao. Lakini mwaka 1992 Jumuiya ya Ulaya ilianzisha ruzuku za kupanda miti katika ardhi ya kilimo. Mkono mmoja ulilinda nyika, wa pili ukalipia kufunikwa kwake. Nchini Aljeria nako, katika miaka ya 1970, ulianzishwa mradi mkubwa wa kupanda misonobari nyikani ili kuzuia jangwa, na sehemu kubwa ya miti hiyo haikustawi.

Yapo pia majembe ya trekta, na siku hizi mitambo ya kuzalisha umeme kwa upepo, ambayo huwekwa katika nyanda zizo hizo zilizo wazi. Matokeo yanaonekana. Kati ya mwaka 2004 na 2015 idadi ya ndege hawa nchini Uhispania ilipungua kwa zaidi ya thuluthi moja.

Huenda wapo watakaopinga kwamba miti na umeme safi ni ngao dhidi ya mabadiliko ya tabianchi, na kwamba ndege mmoja hatoshi kuvizuia. Hoja hiyo ina uzito, ila inajibu swali lisiloulizwa. Hakuna anayepinga miti. Suala ni mahali. Mlima uliokatwa misitu unahitaji miche. Nyika ambayo haikuwa msitu inahitaji kondoo. Ugumu halisi uko kwa mchungaji: hawezi kulazimishwa kurudi katika kijiji kilichobaki na wazee wachache ili ndege aimbe. Kwa hivyo ruzuku zilizolipia miche zimlipe yeye, kwa kuwa kazi yake ndiyo inayoiunda nyika. Huko Belchite, mkoani Zaragoza, shirika la uhifadhi la SEO/BirdLife linamiliki hifadhi ya El Planerón, ambako nyika hutunzwa sambamba na kilimo cha nafaka. Mfano huo unathibitisha kwamba jambo hili linawezekana, japo hifadhi moja haitoshi.

Mkenya asidhani kwamba haya ni ya ng'ambo tu. Nyanda za nyasi za Kinangop ni makao ya Macronyx sharpei, ndege mwenye kifua cha manjano asiyepatikana nje ya Kenya. Nyasi hizo zinaliwa na majembe na mashamba ya mikaratusi. Mnamo Desemba 2022 serikali ilitangaza azma ya kukuza miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Azma hiyo ni njema, mradi kila mche upelekwe panapoufaa.

Hapa ndipo wana-Kiswahili wanapoingia. Nyaraka za sera, taarifa za habari na vitabu vya shule huandikwa, huhaririwa na kutafsiriwa na wanaofunzwa katika idara za Kiswahili. Wao ndio huamua iwapo mbuga ya nyasi itaitwa malisho, nyika, au ardhi tupu. Chaguo hilo si la mtindo pekee. Afisa anayesoma "ardhi tupu" hutafuta cha kuijaza. Anayesoma "malisho" huuliza kwanza ni ya nani na anayelisha ni nani. Istilahi hiyo ya utupu inastahili kuhojiwa kila inapojitokeza, kabla trekta haijafika.