Gari ikikataa kuwaka, tutafute kosa kabla ya kununua piese

Katika wilaya za Masisi na Walikale, gari ikikataa kuwaka asubuhi, neno la kwanza ni: «Leteni watu wasukume.» La pili ni: «Demareri imekufa, nunua ingine.» Mwenye gari anatuma pesa, anangoja siku nyingi, piese inafungwa, na gari inabaki kimya. Kumbe ni kichwa cha batri kilicholegea.

Zamani kosa hilo lilikula pesa tu. Leo linakula zaidi. Mwisho wa Januari 2025 Goma iliangukia mikononi mwa AFC/M23, na Machi mwaka huohuo vita vilifika hadi Walikale-centre. Kutafuta piese kutoka upande mmoja hadi mwingine si safari ya mchezo. Na gari iliyolala njiani inaweza kuwa imebeba mama mwenye uchungu wa kuzaa, au maziwa ya mfugaji ambayo hayangoji.

Mafundi wetu wana akili na mikono. Kinachokosekana ni kufuata utaratibu. Funguo ikigeuzwa na moteri haizunguki, mara nyingi shida ni ya umeme. Washa taa, kisha jaribu tena. Taa zikififia sana, batri imechoka au waya zake hazishiki vizuri. Zikibaki na nguvu, ndipo tuangalie demareri na waya zinazoifikia. Batri nzima iliyopumzika huonyesha karibu volti 12.6, mita ndogo ya umeme inatosha kuipima.

Moteri ikizunguka kwa nguvu lakini haiwaki, tuiache demareri. Tutafute mafuta na hewa, na kwa gari ya esansi, moto wa bujii. Kwa gari ya mazutu, maji ndani ya filtri au hewa iliyoingia katika mipira ya mafuta inatosha kuizuia, hasa tunaponunua mafuta ya bidoni kando ya barabara. Kwenye baridi ya milima ya Masisi, bujii za kupasha moto zilizokufa nazo huonekana asubuhi.

Onyo moja: gari ikizimikia ndani ya maji ya mto, tusigeuze funguo wala tusisukume. Maji hayashindiliki kama hewa. Yakiwa ndani ya silinda, yanaweza kupinda biela, na moteri nzima ikaharibika kwa ajili ya haraka ya dakika moja.

Lakini lawama si ya fundi peke yake. Sisi wenye magari tunalipa piese, hatulipi kazi ya kutafuta kosa. Fundi akikaza waya na gari ikawaka, tunasema hakufanya kitu. Basi anabadilisha piese ili aonekane amefanya kazi. Tumlipe kwa kugundua, naye atuonyeshe alichopima kabla ya kufungua chochote. Mashirika ya madereva na hospitali zenye magari ya wagonjwa yaanze kudai hivyo.

Wengine watasema ugonjwa wa kwanza ni barabara na vita. Ni kweli, na viongozi wanadaiwa jibu. Ila barabara na amani hazitengenezwi garajini. Hili la kupima kwanza linatengenezwa, na tunaweza kulianza kesho asubuhi.